Pijo ya Madam Mizani

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa tatu kasoro dakika chache, Pijo 504 ya rangi ya chai yenye maziwa mengi ilikuwa inaingia katika gereji ya Patroba pale Ekero, nyuma ya kinu cha posho. Iwe inaumwa, iwe nzima, ilikuja. Mwenye gari angeshuka, ausindike mlango taratibu kwa viganja vyote viwili, kisha aseme, "Mulembe, Fundi. Leo haina shida, lakini isikilize."

Jina lake la ubatizo lilikuwa Maximilla, ila kutoka Matungu hadi Mumias ni wachache waliolitumia. Walimwita Madam Mizani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mizani ya miwa. Trekta likifika na mzigo, yeye ndiye aliyesoma kilo na kuziandika. Wenye mashamba walimpenda kwa sababu kilo zao hazikupotea kati ya shamba na kiwanda. Madereva wa matrekta walimwogopa. Mmoja wao alificha mawe chini ya miwa ili mzigo uonekane mzito, na Madam akashuka kutoka kibandani mwake akiwa na sketi yake ya kazini, akapanda juu ya tela, akayatoa mawe yale moja moja na kuyapanga chini mbele ya foleni nzima. Alipomaliza alipangusa mikono, akarudi kibandani, akaandika kilo za miwa tu.

Pijo aliinunua mwaka wa 1999 kutoka kwa mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa anahamia Pwani. Wakati huo ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na Madam alikuwa na thelathini na minane na hajawahi kushika usukani. Alijifunza kuiendesha katika barabara za ndani ya mashamba ya miwa, jioni baada ya kazi, huku wakataji miwa wakimshangilia na kumkimbia. Tangu hapo hakuna aliyeiendesha ila yeye na fundi wake.

Na huyo fundi wake, mwaka wa kwanza, alimdanganya. Patroba mwenyewe ndiye aliyekuwa anasimulia habari hii, na kila alipoisimulia alikuna kidevu. Alimwambia Madam kwamba amebadilisha pedi za breki za mbele, kumbe alizipiga msasa tu na kuzirudisha. Siku ya pili yake Pijo ikarudi. Madam alingoja hadi mteja aliyekuwepo akaondoka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, ulisema umezibadilisha. Hukuzibadilisha. Ningeenda kwa mwingine, lakini mkono wako ni mzuri. Sitaki kutafuta mkono mwingine kwa sababu ya mdomo."

Patroba alizibadilisha siku hiyo hiyo. Wateja wengine aliendelea kuwapa matumaini, kama mafundi wote: itapona, ni kitu kidogo, kesho asubuhi iko tayari. Lakini kwa Madam Mizani, kwa miaka ishirini na minne iliyofuata, hakuwahi kusema neno ambalo halikuwa la kweli.

Mwaka wa 2024 mvua ya mwezi wa nne ilianza kama kawaida, ikakataa kwisha kama kawaida. Ilinyesha mchana, ikanyesha usiku. Huko juu, Cherang'any na Elgon, ilinyesha pia, na maji yote hayo yanajua njia moja tu ya kushuka, nayo ni Nzoia. Kufikia wiki ya kwanza ya mwezi wa tano mto ulikuwa umepanda hadi kwenye mizizi ya miti ambayo wazee walisema haujawahi kuigusa.

Jumatatu ya wiki hiyo Madam aliacha Pijo gereji kwa sababu mpira wa radieta ulikuwa unavuja. Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ya Patroba ikalia.

"Gari imepona?"

"Imepona, Madam. Nimeweka mpira mpya. Haivuji hata tone."

"Niletee sasa hivi. Na ukuje na ile kamba yako ya kuvuta malori."

"Kuna nini?"

"Nzoia imeingia kwa watu," alisema, akakata simu.

Patroba alitupa kamba kwenye buti, akaongeza kamba nyembamba ya katani na spana chache, akashika njia ya Matungu. Mvua ilikuwa inapiga kioo hata vifutio vikashindwa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiendesha Pijo mbali zaidi ya mwendo wa kuijaribu, na ingawa alikuwa na haraka, alijikuta akiviepuka vishimo kama mtu aliyebeba mayai.

Alimkuta Madam kwenye njia panda, amevaa koti la mvua na gambuti, watu kama kumi wamemzunguka. Alimwashiria Patroba asogee kiti cha abiria, akaingia, akashika usukani. Njiani akamweleza.

Bondeni, kati ya Nzoia na kijito kinachoingia humo, palikuwa na nyumba sita za udongo ambazo wakataji miwa walikuwa wamepanga. Siku zote walivuka kijito hicho kwenye kivuko cha saruji, maji yakiwalowesha vifundo vya miguu tu. Asubuhi hiyo Nzoia ilikuwa imepasua ukingo na kuingia kwa nyuma ya nyumba. Kijito nacho, kwa kukosa pa kumwaga maji yake, kilikuwa kimefura hadi kifuani mwa mtu mzima. Watu ishirini na watatu walikuwa wamesimama kwenye kipande cha ardhi kilichobaki, na kipande hicho kilikuwa kinapungua.

"Na mashua?" Patroba aliuliza.

"Mzee wa mtaa amepiga simu. Mashua iko huko chini, kwa watu wengi zaidi. Itafika baada ya saa sita mchana."

Patroba aliyatazama maji walipofika, akajua kwamba saa sita ilikuwa mbali mno.

Kijito kilikuwa na upana wa kama mita kumi na tano, rangi ya ugali wa wimbi, kinakwenda kwa kasi huku kimebeba matawi, majani ya miwa na kinyesi cha ng'ombe. Ng'ambo, mwanamume mrefu alikuwa amembeba mtoto mabegani. Huyo alikuwa Simiyu, mkataji miwa, ambaye Patroba alimjua kwa sura. Nyuma yake wanawake walikuwa wameshika watoto na mabunda ya nguo. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele, na jambo hilo lilimtisha Patroba kuliko maji yenyewe.

Alichukua spana kubwa, akaifunga kwenye kamba ya katani, akairusha. Ikaanguka majini. Akaivuta, akarusha tena, maji yakaibeba. Mara ya tatu alirudi nyuma hatua kadhaa, akakimbia, akarusha kwa nguvu zake zote, spana ikatua kwenye matope karibu na miguu ya Simiyu. Simiyu aliivuta katani, na nyuma ya katani ikaja ile kamba nene. Ng'ambo kulikuwa na kisiki cha mvule. Aliizungusha mara tatu, akafunga.

Upande wa huku hakukuwa na mti. Mikaratusi ya kando ya njia ilikuwa imekatwa mwaka uliotangulia, na visiki vyake vimeng'olewa. Palikuwa na miwa tu kushoto na kulia, na njia ya murram katikati. Wanaume waliowafuata kutoka njia panda walijaribu kuishika kamba kwa mikono, lakini maji yalipoivuta tu wote waliteleza.

Madam aliitazama kamba. Akaitazama Pijo.

"Fundi, hii gari inaweza kushika?"

"Mawe yakiwa nyuma ya magurudumu, na mtu anakanyaga breki, itashika." Kisha, kwa kuwa alikuwa anaongea na Madam Mizani, akaongeza, "Lakini kamba ni fupi. Itabidi tuirudishe gari mpaka ukingoni kabisa. Maji yakipanda, itakuwa ya kwanza kuingia."

Madam aliirudisha nyuma mwenyewe. Patroba hakuwahi kusahau jinsi alivyofanya: mkono mmoja nyuma ya kiti, shingo ameigeuza, Pijo inashuka pole pole hadi magurudumu ya nyuma yakakanyaga bamba la mwisho la saruji. Patroba akalala chini kwenye matope, akaifunga kamba kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya bampa, fundo juu ya fundo. Wanaume wakapanga mawe. Madam akabaki ndani, mguu kwenye breki, injini inanguruma, kwa sababu injini ikizimika maji yangeingia kwenye bomba la moshi.

Wakaanza kuvuka.

Wenye nguvu walikuja peke yao, wameng'ang'ania kamba kwa mikono miwili, maji yakiwavuta miguu hadi wakawa kama nguo zilizoanikwa. Watoto walikuwa tisa, na Simiyu aliwabeba mmoja mmoja mgongoni, amewafunga kwa leso. Alikuja, akarudi, akaja tena. Patroba alisimama majini upande wa huku, akawapokea. Kila alipofika mtu, alimtajia Madam kwa sauti: "Wa nne! Wa tano!" Na kutoka ndani ya gari Madam alijibu, "Nimesikia," kama alivyokuwa akijibu kilo zilipotajwa.

Alipopokea wa kumi na mbili, Patroba aliona maji yamefika katikati ya magurudumu ya nyuma. Alipopokea wa kumi na saba, yalikuwa yanalamba sehemu ya chini ya mlango. Bomba la moshi lilikuwa linatoa mapovu. Alijikokota hadi dirishani. Madam alikuwa amewasha feni ya gari, na kwa mkono usioshika usukani alikuwa anafuta ukungu kwenye kioo kwa kitambaa chake cha njano, kile kile alichofutia dashibodi kila Alhamisi.

"Madam, tuiondoe. Dakika moja tu. Niifungue, uisogeze juu, halafu tutafute kamba ya kuongezea."

"Wamebaki wangapi?"

"Sita."

"Kamba ya kuongezea iko wapi?"

Patroba alitazama njia waliyojia.

"Iko wapi, Fundi?"

"Iko Ekero."

"Ukiifungua hii sasa, hao sita watashika nini?"

"Hakuna, Madam."

"Basi usiniulize tena," alisema. Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayemsaidia mwenzake kutua mzigo. "Rudi uwapokee."

Patroba alirudi. Baadaye, akieleza, angesema kwamba aibu ilimpa joto mwilini hata hakuhisi baridi ya maji.

Wawili wa mwisho walikuwa Simiyu na bibi kizee mmoja, Awinja, mama mzito wa miaka sabini na kitu, ambaye alikuwa amekataa kata kata kutangulia. Sasa alikuwa amekataa kuvuka. Simiyu alimbembeleza. Watu wa upande wa huku wakamwita. Awinja akasema kwa Kiluhya kwamba maji haya hayamjui, na yeye hayajui, na kila mmoja abaki mahali pake.

Madam alifungua dirisha, akatoa kichwa mvuani. "Mama Awinja! Mimi niko hapa nakungojea! Unataka nikae kwa maji mpaka lini?"

Sijui ni maneno au ni sauti, lakini bibi kizee alisimama. Alijifunga leso, Simiyu akamfunga kwake kwa leso nyingine, wakaingia. Walipofika katikati, gogo likaja. Halikuwagonga wao, liligonga kamba. Kamba ikalia kama uta, Pijo ikarudi nyuma karibu hatua nzima, mawe yakachomoka, na sehemu yote ya nyuma ikazama. Patroba alifunga macho. Alipoyafungua alisikia injini inapiga yowe. Madam alikuwa ameingiza gia ya kwanza na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Magurudumu yalizunguka, yakarusha matope, yakashika. Pijo ile, iliyokuwa na umri wa miaka thelathini na sita, ilisimama pale ikivutana na mto, haiendi mbele, hairudi nyuma, hadi mkono wa Awinja ukafika kwenye mkono wa Patroba.

"Wa ishirini na mbili!" Patroba alipiga kelele. "Wa ishirini na tatu!"

"Nimesikia!"

Papo hapo injini ikakohoa, ikanyamaza.

Mlango haukufunguka, maji yalikuwa yameusukuma. Madam alizungusha kile kishikio cha kioo hadi chini, akatoa mguu mmoja, akatoa kichwa, na wanawake aliowavusha wakamvuta makwapani kama mtoto anayezaliwa. Gambuti moja ilibaki ndani. Alipokanyaga murram alishika kichwa, akasema, "Yaaya! Mwavuli wangu!" Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Wakati huo huo Pijo ikainuka.

Iliinuka taratibu, kwanza nyuma, kisha mbele, ikaelea. Ilijizungusha kwenye kamba kama ng'ombe anayeitafuta njia ya kuzunguka kigingi chake. Taa za mbele zilikuwa bado zinawaka. Kisha kamba ikakatika, na Pijo ikaingia kwenye miwa iliyofurika, ikiilaza miwa huku na huku, hadi ikabaki paa tu la rangi ya chai, na halafu hata paa halikuonekana.

Awinja alianza kuomboleza. Aliomboleza kwa sauti kubwa, kama anavyoombolezewa mtu, akiitaja gari na mwenye gari na ukoo wa mwenye gari. Ndani ya gauni lake kitu kikaanza kupiga mbawa: alikuwa amevuka na kuku.

"Mama, nyamaza," Madam alimwambia, akamshika bega. "Twende kwangu ukauke. Na hiyo ingokho isikufe kwa baridi baada ya safari yote hiyo."

Aliwapeleka wote nyumbani kwake. Alipika uji kwenye sufuria ya harusi, akatoa nguo, mablanketi, hata mapazia. Patroba alibaki kusaidia kupasua kuni. Alipokwenda nyuma ya jiko kutafuta shoka, alimkuta Madam amesimama peke yake, anaangalia kile kibanda cha mabati alichokuwa analaza gari. Mikono yake ilikuwa mbele yake, vidole vimejikunja, kama mtu ambaye bado ameshika usukani. Patroba alirudi polepole bila kujikohoza, akapasua kuni kwa panga.

Jumapili kanisani mchungaji alimwita mbele. Watu walipiga makofi, wakapiga vigelegele. Madam alingoja wanyamaze.

"Walivuka watu ishirini na watatu," alisema. "Simiyu alivusha watu mara kumi. Mwiteni yeye." Kisha akarudi kwenye benchi lake akaketi.

Maji yalishuka siku ya nane. Mwenye shamba mmoja alipiga simu kusema kuna gari katikati ya miwa yake, karibu kilomita moja chini ya kivuko. Ashley, binti ya Madam, aliyekuwa anafanya kazi Kakamega mjini na kuishi Amalemba, alikuja kumshika mama yake mkono. Patroba alikuja na trekta la kuazima, na Simiyu akaja bila kuitwa.

Pijo ilikuwa imechomeka pua kwenye tope. Paa limebonyea, kioo cha nyuma hakipo, viti vimejaa udongo na mabua. Simiyu alipofungua buti, kambare mkubwa aliruka akamwangukia miguuni. Hakuna aliyecheka. Madam aliizunguka gari mara moja. Alipofika upande wa dereva aliushika mlango, ukafunguka nusu, ukakwama. Hapo ndipo alipolia. Alilia wima, bila kuficha uso, machozi yakishuka hadi kidevuni, na Ashley alipotaka kumfuta alimzuia.

"Wacha. Niliipenda. Acha niilie vizuri."

Patroba alikuwa amewahi kuona watu wengi wakipoteza magari. Wengine walilaani, wengine walitafuta wa kulaumu. Hakuwahi kumwona mtu akikaa na uchungu wake namna hiyo, bila kuupunguza na bila kuuongeza. Alivua kofia.

Gereji, alichukua siku mbili kuikagua. Hakuna aliyemlazimisha kutumia siku mbili, kwa maana alijua jibu tangu alipochomoa plagi ya kwanza na tope likamwagika. Alikuwa anatafuta njia ya kusema itapona. Alijiambia kwamba angeweza kutafuta injini nyingine Kisumu. Alijiambia kwamba chuma hunyooshwa. Siku ya tatu Madam alikuja kwa bodaboda, akaketi kwenye kibao cha wateja.

"Fundi, sema."

Patroba aliupangusa mkono wake kwa tambara, ingawa ulikuwa safi. "Kichwa cha injini kimepasuka. Tope limeingia kila mahali. Na chini imepinda, Madam. Hata nikipata injini nyingine, haitanyooka barabarani. Itakuua."

"Imekufa."

"Imekufa."

Kinu cha posho kilikuwa kinasaga upande wa pili wa ukuta, na unga mwembamba ulikuwa unapepea mlangoni. Kisha Madam akauliza jambo ambalo Patroba hakulitarajia. "Miaka yote hii nimeisikia tu. Sijawahi kuiona ndani. Utanionyesha?"

Basi waliifungua pamoja. Ilichukua wiki nzima. Madam alikuja kila asubuhi na aproni ya jikoni, akaketi kwenye tairi kuukuu, akapokea kila kipande Patroba alichokitoa, akakiosha kwa petroli, akauliza jina lake na kazi yake. Vilivyokuwa vibovu aliviweka kushoto, vizima kulia. Aliposhika pistoni ya kwanza aliigeuza geuza mkononi, akaishangaa.

"Ni ndogo hivi?"

"Ni ndogo."

"Nne tu?"

"Nne tu, Madam."

"Na zilivutana na Nzoia," akasema, akaiweka chini kwa uangalifu.

Upande wa kulia ulijaa kuliko Patroba alivyodhani: sanduku la gia, ekseli ya nyuma, springi, dainamo, milango miwili. Habari ilisambaa, kwa kuwa wenye Pijo kuukuu wanajuana kama watu wa dhehebu moja. Mwanamke mmoja, Jepkemboi, alikuja kutoka Lugari, ambako alikuwa anabeba mahindi kwa Pijo ya pikapu iliyokuwa imesimama tangu Krismasi kwa kukosa sanduku la gia. Alikuwa amejiandaa kubishana kuhusu bei. Madam alimuuliza swali moja.

"Unaiendesha mwenyewe?"

"Nani mwingine? Bwana yangu anaogopanga hata tinga ya kulima."

"Fundi, mfungie vizuri, isiharibike njiani," Madam alisema, na mazungumzo ya bei yakaishia hapo. Jepkemboi alimtumia gunia la mahindi wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata hiyo akamtumia jingine, hadi Madam akampigia simu kumkataza.

Ekseli ilikwenda Butere, milango ikaenda Bungoma. Mwili uliobaki ulichukuliwa na Simiyu kwa mkokoteni. Alikuwa amehamia mlimani na jamaa zake, mbali na kijito, na bati lilihitajika kwa paa la choo. Alikuja kuomba ruhusa kwa haya. Madam alimjibu kwamba choo ni kitu cha maana sana.

Katikati ya mwezi wa nane Ashley alitokea gereji akiendesha gari dogo jeupe, la kisasa, lisilo na gia za kubadilisha kwa mkono. Mama yake alikuwa kando yake, mkoba mapajani, midomo ameibana. Ilionekana wamebishana tangu Amalemba.

"Fundi, mwambie mama hii ni gari," Ashley alisema.

Patroba alilizunguka, akafungua boneti, akasikiliza. "Ni gari," akasema. "Ni ndogo, lakini ni ya kweli."

Madam alishuka, akaenda upande wa dereva, Ashley akasogea kiti cha abiria, Madam akaketi. Alivuta kiti mbele, akarekebisha kioo. Aliposhika usukani ili aondoke, mguu wake wa kushoto uliinuka wenyewe, ukakanyaga hewa. Ukakanyaga tena. Alitazama chini kutafuta kilichopotea, akakumbuka kwamba hakuna cha kutafuta, na ghafla akaangua kicheko, kicheko kikubwa kilichomfanya mwenye kinu cha posho achungulie nje. Alicheka hadi akaegemea usukani, na honi ikalia, akacheka zaidi.

"Nyasaye wanje," alimwita Mungu wake alipopata pumzi. "Mguu huu sasa utafanya kazi gani?"

"Utapumzika, mama," Ashley alisema.

"Wewe hamia nyuma." Alijipangusa macho, akampungia Patroba mkono. "Na wewe Fundi, ingia hapa mbele. Twende mpaka Mumias na kurudi, tujue tabia zake."

Patroba alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akatandika gazeti kwenye kiti, akaingia.